Mtoto Anayeharisha: Pakiti Moja ya ORS, Maji Kiasi Gani?

Mtoto akienda choo cha majimaji mara tatu kwa siku, anza kumrudishia maji hapo hapo nyumbani. Kinachomlegeza ni maji na chumvi zinazomtoka, na mwili wa kilo 8 hauna akiba ya kungojea hadi kesho asubuhi.

Dawa yenyewe ni ORS, unga wa chumvi na glukosi (aina ya sukari) unaokorogwa kwenye maji, na makosa mengi yako kwenye kipimo. Pakiti nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja, basi soma kwanza ilivyoandikwa ndipo uichane. Kwa ile ya nusu lita, chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita yatosha kuwa kipimo: ijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina kwenye jagi safi, tia unga wote, koroga mpaka uyeyuke. Onja. Usiwe na chumvi kuliko machozi. Usitie nusu ya unga leo na nusu kesho, maana chumvi na glukosi huenda hazikugawanyika sawa ndani ya pakiti. Kikombe kimoja cha chai kwa pakiti nzima ni hatari: chumvi ikizidi kwenye damu, mtoto aweza kushikwa na degedege. Yatakayobaki baada ya saa 24, mwaga.

Hapa Lamu kuna jambo ambalo maelezo ya pakiti hayalitaji. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi hiyo chumvi. Ndiyo kwanza inazidi kukolea. Ukikorogea ORS humo, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Tumia maji ya mvua ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, au maji matamu yanayouzwa, nayo yachemshwe.

Glukosi ya ORS imepimwa ili ipite kwenye ukuta wa utumbo pamoja na chumvi, na maji yazifuate. Mlango huo hubaki wazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Soda na juisi za sukari nyingi hufanya kinyume: huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kuharisha kukazidi. Dafu je? Lina potasiamu ya kutosha lakini sodiamu kidogo, kwa hivyo mpe kama kinywaji cha ziada, lisishike nafasi ya ORS.

Kila baada ya choo, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, na aliyezidi hapo 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Ziwa la mama lisikatwe, na anayekula aendelee kula. Apewe pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi 6, na 10, yaani nusu kidonge, kwa mdogo zaidi. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko. Ni siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu choo kikikaza, na hapo kinga ya miezi inayofuata imepotea.

ORS haifungi choo siku hiyo hiyo. Kwa kutaka kifunge, watu hukimbilia loperamidi au kapsuli za antibayotiki dukani. Loperamidi yaweza kusimamisha utumbo wa mtoto, tumbo likafura. Antibayotiki ina kazi yake kwenye choo cha damu, lakini baada ya kupimwa kituoni.

Kujua kama maji yamempungukia, finya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, mkunjo ukae wima, shika sekunde moja, achia. Ikirudi polepole, au macho yamezama, au mtoto analialia na kukinyakua kikombe kwa kiu, apelekwe kituoni. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, au amelegea hata hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, ni dharura. Kwa mtoto aliyekonda sana ngozi hudanganya, na ORS ya kawaida huenda isimfae. Huyo apelekwe mapema. Akiwa na homa, apimwe malaria. Utosi wa mtoto mchanga uliobonyea hauinuki kwa kukandwa, huinuka kwa maji.

Anayetoka kisiwa cha Pate kwenda mji wa Lamu huenda akangoja maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Basi tazama saa ya maji, uondoke dalili zingali za mwanzo, na ORS iwe imekorogwa kabla ya kupanda chombo. Mtoto wa kilo 10 aliyeanza kupungukiwa na maji ahitaji mililita 750 kwa saa 4: karibu kijiko cha chai kila dakika moja na nusu, njia nzima, mradi yu macho na anameza.