Mahindi yakirudishwa mpakani msitafute mchawi

Kila mavuno ya msimu wa kwanza yakiingia, huku ofisini Uganda malalamiko ni yale yale: mahindi yamekataliwa stoo, lori limezuiliwa mpakani Busia, eti Wakenya wanatuonea. Jamani. Machi 2021 Kenya ilipofunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania sababu ilikuwa aflatoksini, yaani sumu ya ukungu, na ilipofungua siku chache baadaye iliweka masharti, muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba aflatoksini haizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa bilioni), na ijulikane mahindi yametoka wapi. 2023 malori yetu yakashikwa tena upande wa Sudan Kusini. Na kiwango chenyewe si cha Kenya, ni cha Afrika Mashariki nzima, EAS 2, na sisi tumo: unyevu usizidi asilimia 13.5, aflatoksini jumla ppb 10, ile ya B1, aina iliyo kali zaidi, peke yake ppb 5.

Ndio maana mtu akiniuliza kilimo biashara kinataka ujuzi gani, simwambii habari za trekta. Jua kukausha na jua kuandika mahesabu.

Kung'ata punje na kusema "imekauka hii" si kipimo. Kama huna mashine karibu, chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza mahindi mpaka theluthi, tikisa dakika moja hivi, halafu iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15. Isiponata uko chini ya 15, ambayo bado sio 13.5, kwa hiyo usikimbilie kufunga gunia, rudisha kwenye turubali (turubali, sio udongo!) kisha ukathibitishe kwa mashine.

Najua kwa nini watu hawataki kukausha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu 18 ukilishusha mpaka 13.5 linabaki kama kilo 95, na yule mnunuzi anayekuja na pikipiki shambani anatoa bei moja tu, yawe makavu yawe mabichi. Hapo mkulima wa magunia matatu simlaumu. Lakini mkikusanya pamoja kwenye kikundi mkafika lori zima, mnaongea na mnunuzi anayepima, na huyo ndiye analipia ukavu. Sasa utajuaje kama bei yake inakulipa? Daftari la shule linatosha: mbegu, palizi, kupukuchua, magunia, usafiri, na siku za kazi yako na za mama watoto, maana hizo nazo ni pesa. Wengi wanaandika walichouza tu, alafu wanashangaa faida imeenda wapi.

Kuhusu ukaguzi, someni hapa vizuri. Mkaguzi anachoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea punje, juu, kati na chini, sampuli zinachanganywa ndio zinaenda maabara. Kwa hiyo ule ujanja wa kuweka mazuri juu hausaidii, na kwa vile ukungu haukai sawasawa kila mahali, magunia machache mabovu yanaweza kuangusha mzigo wote. Cheti ni cha mzigo uliopimwa, ukiongeza magunia njiani umekiharibu mwenyewe. Mzigo ukishindwa unaweza kushikiliwa, hata kuharibiwa, na wakati huo lori linaendelea kukudai pesa ya kulala.

Halafu hili la "tukipika posho (ugali) vizuri sumu inakufa", nimelijibu mpaka nimechoka. Haifi. Na mahindi yaliyokwisha ota ukungu ukiyaanika tena unakausha punje, sumu inabaki mle mle, na ndiyo inayoleta saratani ya ini.

Muoneni afisa kilimo wa sabukaunti kabla ya kupakia, sio baada. Lori likishafika mpakani anayesikilizwa ni maabara, barua ya mwenyekiti wa kijiji haipunguzi unyevu.