Mwarobaini si chanjo: ufafanuzi kwa wafugaji wa kuku wa nyumbani

Kitengo chetu cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo kinatoa ufafanuzi huu baada ya malalamiko yanayofanana kuzidi. Mfugaji kasikia kwamba mchanganyiko fulani wa majani hutibu kila kitu, akautumia siku tano au sita, kuku wakafa, na sasa anauliza kama majani aliyouziwa yalikuwa feki. Kwa kawaida si feki. Ni majani, na yamefanya kazi ya majani.

Tusieleweke vibaya: hakuna aliyekatazwa kumlisha kuku mimea. Kuku akifunguliwa banda hudonoa majani, mbegu na wadudu bila kufundishwa na mtu. Unga wa majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini una protini inayokaribia robo ya uzito wake, na ukichanganywa kidogo kwenye chakula unafaa. Mboga za majani na pilipili nyekundu hukoleza kiini cha yai, ingawa kiini kilichokolea peke yake si ushahidi kwamba kuku ana afya. Na kuhusu pilipili: ndege hawausikii ukali wake kama sisi. Anayesema pilipili "inamchangamsha" kuku anasimulia ulimi wake mwenyewe.

Tatizo la kwanza ni kiasi. Mtetea anayetaga hula gramu 100 hadi 120 kwa siku, na humo humo anatakiwa apate karibu gramu 4 za kalsiamu za kutengenezea ganda. Gole lake, yaani kifuko cha chakula kilichopo shingoni, ni moja. Likishajaa majani, chakula cha kutagia hakina pa kwenda. Vya nyongeza vyote kwa pamoja, yaani majani, matunda na mabaki ya jikoni, visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula. Hivi karibuni nilimpasua mtetea aliyeletwa akiwa mfupa mtupu, kidari kimechongoka kama kisu. Gole lilikuwa limejaa fundo la nyasi ndefu zilizosokotana kama kamba kuukuu, zimechacha, na firigisi haikuwa na hata punje moja ya changarawe. Mwenye kuku alikuwa amejitahidi sana. Kila asubuhi alimfyekea nyasi mbichi. Angezikatakata fupi na kumwekea changarawe, tusingekutana.

Tatizo la pili ni maji. Kuku hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Ukiyafanya machungu kwa mwarobaini au shubiri, anapunguza kunywa, kisha anapunguza kula, kisha mayai yanashuka, na mfugaji anaongeza majani. Weka daima chombo cha pili chenye maji safi. Siki isiwekwe kwenye ndoo ya bati, kwa sababu asidi huyeyusha zinki na zinki ni sumu. Kitunguu saumu kidogo hakina neno. Kikizidi sana huharibu chembe nyekundu za damu, na yai linaweza kubeba harufu.

Vilevile neno "asili" halimaanishi salama. Majani, ganda na kokwa la parachichi vina sumu inayoshambulia moyo wa ndege. Maharage mabichi yana sumu pia. Yachemshwe hasa, si kulowekwa tu. Viazi vilivyogeuka kijani, usiwape. Lakini kinachonisumbua zaidi ni nafaka yenye ukungu, kwa sababu watu wanaoikataa mezani kwao huimwaga bandani wakidhani kuku "hachagui". Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Kuku anastahimili kuliko bata mzinga, ila anastahimili huku ini likiharibika polepole. Kuosha hakusaidii, kuchemsha hakusaidii, na kuchanganya na mlonge ndiyo kabisa.

Sasa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huu ni ugonjwa wa virusi na hakuna jani linaloutibu. Hakuna. Tumeulizwa vya kutosha. Kuku kumi wakiugua, wanane wakafa, wawili waliobaki hugeuzwa ushahidi wa shubiri, na wale wanane hawahesabiwi. Kinga ni chanjo. Ile ya matone ya jicho inayostahimili joto hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, na hupewa kuku wazima, si waliokwisha kupinda shingo.

Mdondo ni ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa kwa mamlaka za mifugo. Dalili huanza mara nyingi siku ya tano au ya sita baada ya maambukizi, wakati mwingine hadi siku ya kumi na tano, kwa hiyo siku sita za kujaribu majani ni siku sita za kuambukiza majirani. Ukishuku, usiuze, usichinje kwa haraka, usigawe. Eneo likishawekwa karantini, kumtoa kuku ni kosa hata kama anaonekana mzima, hata kama unampeleka kwa shemeji yako, hata kama hukupokea chochote. Kutokutoa taarifa nako huhesabiwa kosa linalojitegemea. Adhabu zinatofautiana nchi hadi nchi, faini au kifungo, na pale penye fidia, aliyeficha anaweza kuikosa.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo wengi hawalitarajii. Baadhi ya unga unaouzwa bila lebo kwa jina la dawa ya asili huwa umechanganywa na antibiotiki, na wapo wanaofungua vidonge vya binadamu wakavitia kwenye maji ya majani. Mayai ya kuku hao si ya asili. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kinaruhusu mabaki ya tetrasaiklini, aina mojawapo ya antibiotiki, yasizidi mikrogramu 400 kwa kilo ya mayai na 200 kwa kilo ya nyama. Kipindi cha kusubiri kabla mayai au nyama havijaliwa huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, si ya kwanza. Dawa isiyo na lebo haina kipindi unachoweza kukihesabu, na mbele ya mkaguzi kusema "sikujua kilichomo" hakukusaidii.

Ukileta mzoga kwa uchunguzi, ulete ndani ya saa 24, umefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki na kuwekwa kwenye boksi lenye barafu. Usigandishe, ukiganda, tishu huharibika na hatuoni kitu. Kuku wengine waliokufa wafukiwe shimo lenye kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima. Kwenye fomu ya sampuli kuna sehemu iliyoandikwa "dawa zilizotumika", na karibu kila mtu huandika "hakuna" ilhali ndoo ya maji ya kijani ipo bandani kwake. Andika mwarobaini, andika ni konzi ngapi kwa lita ngapi, na andika ulianza lini.