Je, wajua kwa nini benzeni huingia kwa pua lakini huharibu vinasaba ndani ya mifupa?

Mwaka 1974 daktari wa magonjwa ya damu wa Istanbul, Muzaffer Aksoy, akishirikiana na wenzake, alichapisha taarifa za mafundi viatu 26 waliokuwa wameugua saratani ya damu, yaani lukemia. Wote walikuwa wamefanya kazi katika karakana ndogo zenye hewa nzito, wakipaka gundi iliyoyeyushwa kwa benzeni, kimiminika angavu chenye harufu tamu kidogo ambacho hukauka haraka na kuifanya soli ishike bila kuchelewa. Vipimo vya hewa ya karakana hizo vilionyesha benzeni kati ya sehemu 210 na 650 kwa kila sehemu milioni wakati gundi ilipokuwa ikitumika. Katika mji uliokuwa na mafundi viatu wapatao 28,500, hesabu ya Aksoy iliwapata wagonjwa 13 kwa kila mafundi 100,000 kwa mwaka, ilhali kwa watu wengine kiwango kilikuwa kama 6.

Kinachoshangaza ni mahali ugonjwa ulipojitokeza. Mafundi wale waliivuta benzeni kwa pua na kuishika kwa vidole, lakini madhara makubwa kuliko yote yalijificha ndani ya mifupa, katika uloto, ambao wengine huuita uboho, ile nyama laini inayozalisha damu. Tena hawakuwa wa kwanza. Tangu mwaka 1897 ilikwisha kuandikwa huko Sweden kwamba wasichana waliotengeneza matairi ya baiskeli kwa kutumia benzeni waliishiwa damu hadi kufa, kwa kuwa uloto wao ulikuwa umeacha kuzalisha seli. Je, mvuke unaoingia kwa pua hufikaje ndani ya mfupa, na kwa nini unapofika huko huharibu vinasaba?

Jibu linaanza na jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: benzeni yenyewe haina nguvu kubwa ya kudhuru vinasaba. Molekuli yake ni pete ya kaboni 6 iliyotulia, isiyopenda kushikana na kitu kingine. Mtu anapoivuta, karibu nusu ya kiasi kilichoingia mapafuni hupita kwenye damu, sehemu yake hujificha kwenye mafuta ya mwili, na nyingine hufika kwenye ini. Ini lina kazi ya kuvigeuza vitu vya kigeni viweze kuyeyuka katika maji na kutoka kwa mkojo, na kwa benzeni kazi hiyo hufanywa zaidi na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) kiitwacho CYP2E1, ambacho pia hushughulikia pombe na huongezeka kwa mtu anywaye sana. Kimeng'enya hicho huibandika oksijeni kwenye ile pete iliyotulia, na kuanzia hapo utulivu unakwisha. Benzeni hugeuka kuwa fenoli, kisha fenoli hugeuka kuwa haidrokinoni na katekoli. Sehemu kubwa ya vitu hivi hutoka kwa mkojo kama ilivyokusudiwa, lakini kiasi fulani huchukuliwa na damu na kusambazwa mwilini.

Sasa tufike kwenye uloto, ambako ndiko siri yote ilipo. Seli changa za kinga zinazokua humo hubeba kimeng'enya kingine, mieloperoksidesi, kwa wingi usiopatikana karibu popote pengine mwilini. Kazi yake halali ni kutengeneza asidi, ndugu wa dawa ya kung'arishia nguo, ambayo chembe nyeupe za damu huitumia kuua vijidudu. Haidrokinoni inapokutana na kimeng'enya hicho hugeuzwa kuwa benzokinoni, na benzokinoni ndiyo sumu halisi, kwa sababu hung'ang'ania protini na uzi wa DNA, ule unaobeba vinasaba, ulio karibu nayo. Kwa hiyo sumu haikuletwa na benzeni ikiwa kamili, bali mwili wenyewe umeitengeneza kwa hatua mbili, ya kwanza kwenye ini na ya pili kwenye uloto, kwa vimeng'enya vile vile vinavyotulinda kila siku. Ndiyo sababu mapafu yaliyopitisha mvuke yanaweza kubaki mazima huku mahali damu inapozaliwa pakiharibika.

Uharibifu wenyewe huchukua sura kadhaa, lakini mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu. Ndani ya kila seli uzi wa DNA ni mrefu mno kwa nafasi uliyopewa, na seli inapojiandaa kugawanyika uzi huo hujisokota na kutatana kama uzi wa mvuvi uliotupwa chini ya ngalawa. Kipo kimeng'enya, topoisomeresi ya pili, ambacho hukata uzi mahali ulipofungana, hupitisha kipande kingine katikati, kisha huunganisha upya pale kilipokata. Benzokinoni hukiingilia kimeng'enya hiki kazini, na matokeo yake ni kwamba mkato unabaki bila kuungwa, au ncha mbili zisizo za jirani zinaunganishwa. DNA hiyo imegawanyika katika mafungu yaitwayo kromosomu, na kromosomu ya 8 inaweza kujikuta imebadilishana vipande na kromosomu ya 21, na mabadiliko ya namna hiyo yamewahi kuonekana katika damu ya wafanyakazi wenye afya wanaovuta benzeni, kabla saratani yoyote haijajitokeza. Wengine hupoteza kromosomu ya 5 au ya 7, nzima au kipande, na hizo ndizo kasoro zinazokutwa mara nyingi kwa wagonjwa wa lukemia iliyosababishwa na kemikali au na dawa za kutibu saratani nyingine.

Seli nyingi zilizoharibika hivyo hufa, na hapo dalili ya kwanza ni upungufu: chembe nyeupe hupungua, chembe nyekundu hupungua, na vile vigandishadamu hupungua pia, hivyo mtu huchoka, hupata homa za mara kwa mara, hutoka damu kwenye fizi. Seli inayotisha zaidi ni ile isiyokufa. Seli mama moja ya uloto iliyobeba kosa kwenye jeni za kuongoza ukuaji, ikaendelea kugawanyika, huwarithisha watoto wake kosa hilo, na baada ya miaka kadhaa kizazi chake kinaweza kujaa mifupani. Katika wagonjwa wa Aksoy, muda wa kufanya kazi na benzeni ulikuwa kati ya mwaka 1 na miaka 15.

Watu wawili wanaokaa kwenye benchi moja hawapati madhara sawa, na sababu mojawapo imeandikwa katika jeni zao. Mwili una kimeng'enya cha NQO1 ambacho huirudisha benzokinoni kuwa haidrokinoni, yaani huizima sumu baada ya kuwashwa. Baadhi ya watu huzaliwa na nakala mbili za jeni hiyo zisizofanya kazi. Utafiti uliofanywa Shanghai, China, na kuchapishwa mwaka 1997, uliwaona wafanyakazi ambao walikosa ulinzi huo na wakati huo huo ini lao liliichakata benzeni kwa kasi, wakiwa na hatari ya kudhurika zaidi ya mara 7 kuliko wenzao. Sidhani kwamba habari hii inampa mwajiri yeyote ruhusa ya kuchagua nani awekwe karibu na sumu. Inaonyesha tu kwamba kipimo kinachomfaa mtu mmoja hakiwezi kuwa kinga ya wote.

Vipi kuhusu watoto? Uharibifu wa uloto hauvuki kwenda kwa mtoto, kwa kuwa mimba haitungwi na seli za damu. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2010 juu ya wanaume waliofanya kazi viwandani China uliziona mbegu zao zikiwa na idadi isiyo sahihi ya kromosomu mara nyingi zaidi kuliko mbegu za wanaume wasiovuta benzeni, hata kwa waliokuwa karibu na kiwango cha sehemu 1 kwa milioni. Utafiti huo ulipima mbegu, si watoto, na ni vema tusiusemee zaidi ya hapo.

Kiwango hicho cha sehemu 1 kwa milioni kina historia ya uchungu. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani ilitaka kukishusha kutoka 10 hadi 1 mwaka 1978, Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo ikaitengua amri hiyo mwaka 1980 kwa hoja kwamba hatari haikuthibitishwa ipasavyo, na ni mwaka 1987 tu ndipo kiwango cha 1 kilipowekwa tena. Miaka 9 ilipita katikati. Kisha mwaka 2004 utafiti uliowapima wafanyakazi 250 wa viwanda vya viatu vya Tianjin ukawakuta hata waliovuta chini ya sehemu 1 wakiwa na chembe nyeupe chache kuliko wasiovuta. Umoja wa Ulaya umekwisha kuamua kiwango cha sehemu 0.2. Zingatia kwamba pua ya mwanadamu haiitambui benzeni hewani hadi iwe imepita sehemu 1, hivyo fundi asemaye "sinusi kitu" hajapata ushahidi wowote wa usalama.

Kwetu Afrika Mashariki benzeni haiji kwa jina lake. Huja ndani ya petroli, ikiwa ni sehemu ndogo yake, na pia kama uchafu katika baadhi ya vimumunyisho vya bei rahisi vinavyouzwa kwa galoni. Anayefikiwa nayo ni mhudumu wa kituo cha mafuta anayesimama juu ya mdomo wa tangi kwa muda wa saa 8 au zaidi, fundi gereji anayeosha vipuri na mikono kwa petroli, kijana anayefyonza mafuta kwa mpira na mdomo, mpuliza rangi ndani ya banda lililofungwa. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali huzuia vumbi, wala haizuii mvuke; mvuke huzuiwa na kichujio chenye mkaa maalumu, ambacho nacho hujaa na kuhitaji kubadilishwa. Kuosha mikono kwa sabuni badala ya petroli hakugharimu kitu.

Mkataba namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unataka benzeni isitumike kama kimumunyisho ila ndani ya mitambo iliyofungwa au kwa njia nyingine zenye usalama sawa na huo, na unakataza wajawazito na wanaonyonyesha kupangwa kwenye kazi hizo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Lakini fundi anayekaa chini ya mwembe na kopo lake hana mwajiri wa kumpeleka kupimwa, na hapo ndipo sheria hizi zinapoishiwa na mkono.

Kipimo nacho kina masharti yake. Benzeni hutoka mwilini ndani ya siku chache, kwa hiyo mkojo wa kuitafuta huchukuliwa mwisho wa zamu. Alama za kromosomu zilizokatika hukaa muda mrefu zaidi: chini ya hadubini huonekana kama viini vidogo vya ziada pembeni mwa kiini cha seli. Mtu aliyeacha gereji miaka mingi iliyopita hana benzeni yoyote ya kuonyesha, na daktari atajua tu akimuuliza alifanya kazi gani. Istanbul, baada ya benzeni kuanza kuondolewa kwenye gundi kuelekea mwaka 1970, mafundi viatu wapya wenye lukemia waliendelea kuja hospitalini kwa miaka kadhaa zaidi, kisha wakaanza kupungua.