Glasnost si öppenhet: dhana potofu za kutafsiri mageuzi kwa Kiswidi

Wiki hii tena mteja wa tafsiri zangu za Kiswidi kaniandikia: "Glasnost ni uwazi, na uwazi kwa Kiswidi ni öppenhet. Mbona umeliacha neno la Kirusi?" Nimelijibu swali hili mara nyingi mno.

Dhana: Glasnost ni öppenhet, basi.

Si kweli. Ndani ya glasnost mna neno la kale lenye maana ya sauti; maana yake ni jambo kutangazwa hadharani. Katika mageuzi ya mahakama ya Urusi ya 1864, lilihusu kesi kusikilizwa mbele ya watu. Öppenhet ni tabia ya kutokuwa na kificho. Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliinadi glasnost kama sera kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti mwanzoni mwa 1986. Aprili 28 mwaka huohuo, viatu vya mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Uswidi, viliamsha king'ora cha mionzi. Walikagua mitambo yao, hawakuona uvujaji. Mionzi ilikuwa imeletwa na upepo kutoka Chernobyl, kituo cha nyuklia cha Kisovieti kulikotokea mlipuko siku mbili nyuma. Moscow ilitoa tangazo fupi jioni ile, baada ya Waswidi kuuliza. Huwezi kumwambia msomaji anayeikumbuka siku hiyo kwamba Moscow ilikuwa na öppenhet.

Wengine hukimbilia offentlighet, hali ya mambo kuwa wazi kwa umma, na hapo ndipo wanapoharibu kabisa. Neno hilo limebeba haki iliyoanzia kwenye sheria ya Uswidi ya 1766: mwananchi anaingia ofisi ya serikali na kuomba kusoma nyaraka. Glasnost ilitoka juu, kiongozi akilegeza kamba kwa kiasi alichotaka. Udhibiti wa magazeti ya Kisovieti haukufutwa kisheria hadi 1990.

Kwa hiyo liacheni glasnost lilivyo. Lifafanueni kwa nusu sentensi linapojitokeza mara ya kwanza, kisha msonge mbele. Öppenhet wekeni pale tu mtu anapoisemea tabia.

Dhana: Perestrojka ni ombyggnad.

Perestrojka ni jina la mageuzi ya Gorbachev. Ukilichambua neno kiungo kwa kiungo, sawa, yote mawili ni kujenga upya. Lakini Mswidi akisoma ombyggnad anaona mafundi na mabomba ya bafuni. Omdaning, yaani kubadilisha umbo, ni afadhali.

Dhana: Tahajia ya Kiingereza inatosha.

Hapana. Kiswidi kinaandika Gorbatjov, Jeltsin, Tjernobyl, si Gorbachev, Yeltsin, Chernobyl. Ukikosea hapo, msomaji anajua umepitia Kiingereza, na hatakuamini tena.

Dhana: Reform ni reform popote.

Reform kwa Kiswidi ni mageuzi, na hili linawaponza hata wazoefu. Katika siasa za Uswidi, reformutrymme ni fedha ambazo bajeti inaruhusu kutumika kwa mambo mapya au kupunguza kodi. Mswidi amezoea reform inayompa kitu. Januari 2, 1992, Urusi iliachia bei za bidhaa nyingi, na akiba za watu zikayeyuka kwa mfumuko wa bei. Ukiandika "reformer" (wingi wa reform) peke yake, maumivu hayo hayaonekani. Taja kilichofanyika: priserna släpptes fria, bei ziliachiwa.