Je, Wajua kwa Nini Java Hutengeneza PDF kwa Urahisi Lakini Hukwama Kuichapisha?

Kwa mistari michache ya msimbo, programu ya Java inaweza kutengeneza ankara, cheti au ripoti ya kurasa mia katika muundo wa PDF. Lakini faili hiyohiyo ikitumwa kwa printa kutoka ndani ya programu ileile, mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama Java inakataa kwa ujumbe "invalid flavor", ama printa inatoa karatasi baada ya karatasi zilizojaa alama zisizosomeka, na juu kabisa ya karatasi ya kwanza pameandikwa %PDF-1.4. Imekuwaje programu iliyoweza kuunda waraka ishindwe kuutia kwenye karatasi?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba printa ni mbovu, au kwamba faili imeharibika njiani. Kwa kawaida vyote viwili ni vizima. Tatizo liko katika dhana kwamba PDF ni picha iliyokwisha kuchorwa, na kwamba kila printa inaijua. Dhana hiyo inaeleweka, kwa sababu tunafungua PDF kwenye kompyuta, tunabonyeza kitufe cha kuchapisha, na karatasi inatoka sawasawa na tulivyoiona kwenye skrini. Tusichokiona ni kazi iliyofanyika katikati. Programu ya kusomea PDF imetafsiri faili nzima, imechora kila ukurasa upya, kisha imeukabidhi mchoro huo kwa mfumo wa kompyuta ili programu endeshi ya printa iugeuze kuwa lugha ambayo printa yenyewe inaielewa. Katika njia hiyo printa inaweza kumaliza kazi yote bila kuona hata baiti moja ya PDF.

Java nayo inachangia kuikuza dhana hiyo. Mwaka 2002, toleo la Java 1.4 lilileta kifurushi cha javax.print, na ndani yake kuna orodha ya aina za data iitwayo DocFlavor. Ukiipitia utakuta DocFlavor.INPUT_STREAM.PDF imekaa pamoja na GIF, JPEG, PNG na PostScript, lugha ya kuielezea printa jinsi ya kuchora ukurasa. Ni nani asingeamini kwamba Java inajua kuchapisha PDF, ikiwa jina lake limeandikwa waziwazi kwenye nyaraka rasmi? Hata hivyo, kilichopo pale ni lebo tu. Lebo hiyo inasema, "data hii ni ya aina ya application/pdf, na itakuja kama mkondo wa baiti." Haisemi kwamba kuna mtu upande wa pili anayejua kuisoma.

Hapa javax.print inafanana na tarishi. Tarishi anapokea bahasha, anasoma kilichoandikwa juu yake, anauliza mlangoni kama mwenyeji anapokea bahasha za aina hiyo, kisha anaikabidhi au anarudi nayo. Barua yenyewe haifungui. Iwapo imeandikwa kwa lugha ambayo mwenyeji haijui, tarishi hana msaada wowote, kwa sababu hakuajiriwa kutafsiri. Ujumbe wa "invalid flavor" ni tarishi aliyerudi na bahasha. Zile karatasi zenye alama za ajabu ni bahasha iliyopokelewa na mwenyeji ambaye ameamua kuisoma herufi kwa herufi bila kuelewa maana.

Aina ya DocFlavor inayozaa karatasi hizo ni AUTOSENSE. Ukiitumia, baiti zinapita kama zilivyo, na printa inaachiwa itambue yenyewe imepewa nini. Baadhi ya printa za ofisini zina kitafsiri cha PDF ndani yake, na hizo zitachapa vizuri kabisa. Nyingine zinajua PostScript au PCL, lugha nyingine ya printa, peke yake. Kuna na za bei nafuu zinazosubiri nukta zilizokwisha kuandaliwa na kompyuta, wala hazina akili ya kutafsiri lugha yoyote ya ukurasa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba AUTOSENSE imemfanyia kazi, huenda anasema kweli, lakini amekueleza habari za printa yake kuliko habari za Java.

Mfumo wa kompyuta nao unabadilisha mambo. Kwenye Windows, orodha ya aina ambazo Java inazikubali kwa printa ya kawaida ina picha, michoro ya Java yenyewe na AUTOSENSE, ila PDF haimo. Kwenye Linux na macOS, ambako uchapishaji unapitia CUPS, yaani mfumo unaosimamia printa na foleni zake, Java inaiuliza CUPS inapokea nini, na mara nyingi PDF huwamo, kwa kuwa CUPS ina vichujio vya kuigeuza kabla haijafika kwa printa. Ndiyo maana programu inaweza kupita majaribio yote kwenye kompyuta ya mwandishi wake, kisha ikakwama siku ya kwanza kwa mteja. Njia ya uhakika ni kuiuliza printa husika kwa getSupportedDocFlavors() kabla ya kutuma chochote.

Sasa tuifungue barua. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993, ikiwa imerithi namna ya kuchora ukurasa kutoka PostScript ya mwaka 1984, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ndani ya faili, mara nyingi baada ya kufungua mbano, ukurasa unasomeka hivi:

BT /F1 12 Tf 72 720 Td (Ankara Na. 15) Tj ET

Maana yake ni: anza maandishi, chukua fonti F1 kwa ukubwa wa 12, sogea pointi 72 kutoka kushoto na pointi 720 kutoka chini, andika maneno haya, maliza. Pointi 72 ni inchi moja, na ukurasa wa A4 una takriban pointi 595 kwa 842. Hakuna aya wala mistari inayojikunja yenyewe ikifika ukingoni. Hata jedwali unaloliona ni mistari iliyochorwa na herufi zilizowekwa karibu nayo. Yote ni maagizo, na ukurasa hauonekani mpaka apatikane wa kuyatekeleza.

Kwa maoni yangu, sehemu inayopendeza kuliko zote katika suala hili ni tofauti ya uzito kati ya kuandika na kusoma. Anayeandika PDF anahitaji kujua maagizo yale tu anayoyatumia. Fonti moja, mistari kadhaa na picha moja vinatosha kutoa ankara halali. Anayesoma anawajibika kujua kila agizo ambalo mtu yeyote anaweza kuwa ameliandika: fonti za Type 1 na TrueType, picha za JPEG 2000 na JBIG2, rangi zinazopenyeza, usimbaji fiche, fomu, na faili zilizoandikwa kwa makosa ambazo bado watumiaji wanatarajia zifunguke. Maktaba ya iText, iliyotoka mwaka 2000, ilijipatia umaarufu kwa upande wa kuandika. Apache PDFBox ilibeba mzigo wa kusoma na kuchora pia, na ndiyo sababu inatajwa mara nyingi linapokuja suala la kuchapisha. Java yenyewe, katika maktaba yake ya kawaida, haina kitafsiri cha PDF hata kidogo.

Basi kuchapisha kwa kweli kunahitaji kufanya kile ambacho programu ya kusomea PDF inakifanya, yaani kuutafsiri ukurasa kuwa mchoro wa Java. Kwa PDFBox 3 inakuwa hivi:

PDDocument waraka = Loader.loadPDF(new File("ankara.pdf"));
PrinterJob kazi = PrinterJob.getPrinterJob();
kazi.setPageable(new PDFPageable(waraka));
kazi.print();

Mistari hii inaficha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Katika PrinterJob, programu yako haisukumi kurasa kwenda kwa printa. Ni mfumo wa uchapishaji unaokuja kuomba: "nichoree ukurasa wa 0." Ukurasa huo ukiwapo, programu yako inauchora na kurudisha PAGE_EXISTS, kurasa zikiisha inarudisha NO_SUCH_PAGE. Na ukurasa mmoja unaweza kuombwa zaidi ya mara moja. Katika OpenJDK, toleo huria la Java, kwa kawaida ombi la kwanza halitoi wino wowote. Java inauchungulia mchoro ili ijue una vitu gani. Ikiwa kuna maandishi na maumbo ya kawaida, ombi linalofuata linayapeleka moja kwa moja kama maumbo. Zikiwamo rangi zinazopenyeza, ukurasa au sehemu yake hugeuzwa kuwa pikseli, na huenda ukaombwa tena kwa kila kipande. Anayeandika Printable yake mwenyewe, yaani msimbo unaojibu maombi hayo ya kurasa, kisha akaongeza namba ya ankara au akasoma mstari unaofuata wa data ndani ya methodi ya print, atapata namba zinazoruka na mistari iliyopotea. Kitakachochorwa kitegemee namba ya ukurasa iliyoombwa, si hesabu ya maombi.

Hapo pia ndipo uzito wa foleni ya printa unapotoka. A4 kwa nukta 600 kwa inchi ina takriban pikseli milioni 35, na kwa baiti 3 kila moja ni zaidi ya megabaiti 100 kabla ya mbano. PDF ya kilobaiti 40 yenye nembo yenye kivuli laini inaweza kuvimba hivyo ikiwa njiani. PDFPrintable ya PDFBox inaruhusu kuchagua idadi ya nukta mapema, na kwa ankara za kawaida 300 hutosha.

Pembezoni za ukurasa nazo zina utata wake. Ukurasa wa kawaida wa Java huacha inchi moja kila upande. Mwenye PDF ambayo tayari ina nafasi zake akiipitisha kwenye ukurasa huo, waraka unaweza kupunguzwa ili uingie katika eneo lililobaki. PDFPageable huondoa pembezoni hizo na kuchapa kwa ukubwa halisi, jambo la lazima kwa lebo zenye msimbopau na fomu zilizochapwa tayari.

Ipo pia njia ya mkato, Desktop.print, iliyoletwa na Java 6. Inaiomba programu nyingine iliyosakinishwa kwenye kompyuta ichapishe faili. Inafaa pale mtumiaji amekaa mbele ya skrini. Kwenye seva isiyo na skrini haifanyi kazi, na hata inapofanya kazi huwezi kuchagua printa wala idadi ya nakala.

Kabla ya yote hayo, fonti zipachikwe ndani ya faili tangu inapotengenezwa. PDF inaweza kutaja Helvetica kwa jina bila kuibeba, na kitafsiri kisichokuwa nayo kitaweka fonti nyingine badala yake. Kwa PDFBox, PDType0Font.load huipachika fonti pamoja na herufi zilizotumika tu, kwa hiyo faili haiongezeki sana, na seva isiyo na fonti hata moja itachapa herufi zilezile zilizoonekana kwenye kompyuta ya mwandishi.