Akiba ya Ndama Huwekwa Kabla Hajazaliwa

Simu tunazopokea kutoka Rungwe, Njombe na Mufindi siku hizi zinafanana: ndama amezaliwa mnyonge, hasimami kunyonya, na mama yake amenenepa vizuri. Mfugaji anaomba dawa ya ndama. Sisi tunauliza mama alilishwa nini.

Madini ya shaba atakayoyatumia ndama miezi yake ya mwanzo huingia kwenye ini lake akiwa bado tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mama hutoa ya kwake. Ndiyo maana ini la ndama mchanga mwenye afya huwa na kiwango kikubwa cha shaba kuliko ini la mama yake, na maabara haipaswi kulipima kwa vipimo vya ng'ombe mzima. Seleniamu, madini mengine ya kiasi kidogo, na madini joto (iodini) navyo hupita kondo la nyuma. Yakipungua, misuli ya ndama hudhoofu au mtoto huzaliwa na uvimbe shingoni. Unene wa mama hauonyeshi lolote kati ya haya. Matete na pumba vinanenepesha. Na anayesema maziwa yana kila kitu anakosea: shaba na chuma chake ni kidogo mno.

Nguruwe wana habari yao. Mtoto huzaliwa na chuma cha miligramu 50 hivi, anahitaji takriban 7 kwa siku, maziwa yanampa 1. Kwenye banda la saruji, asipopata udongo wa kufukua, hupauka na kuhema ndani ya wiki chache. Kumlisha mama chuma hakumfikii mtoto vya kutosha, hivyo achomwe sindano ya miligramu 200 akiwa na siku tatu.

Ndama akifa, usimpasue mwenyewe. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitokwa damu puani au njia ya haja, anaweza kuwa na kimeta. Asiguswe kabisa, toa taarifa. Mtaalamu akiridhika kwamba si kimeta ndipo atachukua kipande cha ini, akiweke kwenye mfuko safi wa plastiki, kwenye barafu, na kuandika umri, tarehe ya kuzaliwa na chakula cha mama, kisha kiende kituo cha maabara ya veterinari Iringa. Damu peke yake haitoshi, kwani shaba ya damu haishuki mpaka ile ya ini imekaribia kuisha.

Kutoa huduma ya veterinari bila kusajiliwa ni kosa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Biashara ya vyakula vya mifugo nayo ina Sheria ya mwaka 2010 inayodai usajili. Dai risiti, soma lebo, na mfuko usio na lebo usiununue hata ukiambiwa ni "madini ya Ulaya".

Kipimo cha madini kisizidishwe. Seleniamu ikizidi ni sumu, na madini ya ng'ombe yenye shaba huua kondoo. Magadi si mbadala wa madini ya kulamba.

Andika tarehe ya kupandisha. Ng'ombe hubeba siku 283 hivi. Akifika siku ya 220 mkaushe maziwa, na madini ya kulamba yawe tayari yamekaa bandani wiki kadhaa.