"Ile si hospitali, ile ni zahanati"

Ndivyo tunavyosema wengi wetu hapa jimbo la Iowa, Marekani, tukiipita hospitali ya kijijini, jengo la ghorofa moja pembeni mwa mashamba ya mahindi, tukikaza mwendo kwenda hospitali kubwa za Iowa City au Des Moines. Kauli hii ndiyo inayoponza watu kuliko zote.

Jimbo lina kaunti 99. Hospitali zake nyingi, zipatazo 80, ni za daraja lililoanzishwa na sheria ya serikali kuu ya 1997 kwa ajili ya vijijini. Vitanda vya kila moja havizidi 25, lakini chumba cha dharura lazima kifanye kazi usiku na mchana. Daktari huenda akaitwa kutoka nyumbani kwake, muuguzi yupo. Ukifika saa nane za usiku kifua kimekubana, utapimwa moyo na kuanzishiwa dawa, na hali ikizidi, wao ndio watakaokutafutia kitanda kwenye hospitali kubwa na kuita helikopta. Ukiwapita, muda wote ule wa barabarani ni wako na maumivu yako. Na Januari, theluji ikivuma, ni mrefu kweli.

Na zile saa 96 zinazotajwa sana, kwamba hospitali hizi haziruhusiwi kukulaza zaidi ya hapo? Ni wastani wa mwaka kwa wagonjwa wote waliolazwa. Hakuna anayekuja siku ya nne kukutoa kitandani.

"Huna bima, watakurudisha mlangoni." Sheria ya 1986 inawataka wenye vyumba vya dharura wakuchunguze na kutuliza hali yako kwanza, hata kama huna senti. Ila kutibiwa kwanza si kutibiwa bure. Bahasha ya bili itafuata, na kosa letu kubwa ni kuitupia kwenye droo. Hospitali isiyo ya kibiashara inatakiwa kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Piga simu ofisi ya bili, omba fomu, ambatisha hati za mshahara.

"Mtoto atanitafsiria." Nimemwona binti wa miaka 11 akimweleza mama yake habari za kizazi huku macho ameyainamisha sakafuni. Mkalimani ni haki yako na hulipi, hata akiwa kwenye simu. Mtu wa Bukavu na mtu wa Tanga hawasemi sawasawa, kwa hiyo usipomwelewa, omba mwingine. Si utovu wa adabu.

Halafu kuna wanaoamini kinyume, kwamba kila hospitali inazalisha. Hospitali nyingi za vijijini zimefunga wodi za wazazi, kwa uhaba wa wataalamu na uchache wa wanaojifungua. Uchungu ukikubana ghafla watakupokea, ndiyo, lakini uliza mimba ikiwa bado changa: hapa mnazalisha? Wakisema hapana, endeni mchana kweupe mkaijue njia ya hospitali inayozalisha, na kabla mimba haijafika mwezi wa nane muwe mmeshakubaliana nani ataendesha.